Uzi maalumu kwa abiria wa ndege za ndani: ukishatua, unafikaje mjini?

Kipawa Njiapanda (mleta uzi)

Habari za muda huu wanajukwaa.

Kuna swali linajirudia humu kila mara: "Wakuu, naenda Mwanza kwa ndege kwa mara ya kwanza, kiwanja kiko umbali gani na mji?" Kesho yake mwingine anauliza hivyo hivyo kuhusu Mbeya, keshokutwa Dodoma. Watu wawili watatu wanajibu, uzi unazama, na mwenye shida ya wiki ijayo anaanza moja. Naomba tuyaweke majibu sehemu moja. Mimi nitaanza na viwanja ninavyovijua, wenyeji wa mikoa mingine mnisaidie kujaza.

Hoja yangu ni hii. Nchi imeweka fedha nyingi kwenye njia za kurukia, taa, majengo na ndege zenyewe, na matunda tunayaona. Lakini abiria wa ndani akishachukua begi na kutoka mlangoni, anabaki peke yake. Katika viwanja vingi nilivyopita sijaona kibao cha nauli za kwenda mjini, sijaona ramani ya jiji, wala mtu wa kumwambia daladala inasimama wapi. Mtalii ana wakala anayemsubiri nje ameshika karatasi yenye jina lake. Mama anayemleta mgonjwa Muhimbili kutoka Kigoma hana huyo wakala, na ndiye anayeihitaji zaidi taarifa hiyo. Mpaka wahusika watakapoiweka ukutani, tuiweke hapa.

Naanza na Dar kwa sababu safari nyingi za ndani zinapita hapa.

Uwanja wa Julius Nyerere (kwenye tiketi utasoma DAR) uko Kipawa, kando ya Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, kama kilomita 12 kutoka Posta. Una majengo matatu ya abiria na hayajashikana. Terminal 3 ndiyo mpya, ilifunguliwa Agosti 2019, uwezo wake ni abiria milioni 6 kwa mwaka, na ni ya safari za nje. Terminal 2, iliyoanza kazi mwaka 1984, ndiyo ya safari za ndani kwa mashirika makubwa. Terminal 1 ni jengo la zamani kabisa, la ndege ndogo na za kukodi, zile Caravan zinazokwenda Mafia, visiwani na mbugani. Soma tiketi yako uone imeandikwa jengo gani. Kama haikuandikwa, piga simu kwa shirika kabla hujatoka nyumbani.

Umuhimu wake ni kwamba dereva wa teksi ya mtandao anafuata ramani ya simu yake. Ukiandika tu "airport", unaweza kujikuta Terminal 3 huku ndege yako inapakia abiria Terminal 2, na kati ya hayo majengo mawili si mwendo wa kutembea na mabegi. Chagua jengo lenyewe kwenye programu, halafu umtajie dereva kwa mdomo kabla gari halijaondoka.

Kwa anayetoka nje ya nchi na kuunganisha kwenda mkoani: unatua Terminal 3, unapita uhamiaji, unachukua begi, unapita forodha, halafu unatafuta usafiri hadi Terminal 2 kuanza upya. Acha nafasi ya saa tatu kati ya ndege na ndege. Wanaoacha saa moja na nusu ndio tunaowaona wanakimbia na begi kichwani.

Ukitua Terminal 2 na huna mzigo mkubwa, daladala ipo. Toka nje ya geti hadi Barabara ya Nyerere. Magari ya kutoka Gongo la Mboto yanapita muda wote kuelekea Kariakoo na Posta, mengine yanakata pale TAZARA kuingia Mandela, Buguruni hadi Ubungo. Njia ya mwendokasi awamu ya tatu nayo imejengwa katikati ya barabara hiyo hiyo, kutoka mjini hadi Gongo la Mboto. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kiko Mbezi Luis, mbali kabisa na kiwanja, kwa hiyo usikate tiketi ya basi la saa moja baada ya ndege kutua.

Wa SGR pia wapo siku hizi, tangu treni ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024. Stesheni kuu iko katikati ya jiji. Treni ya kawaida husimama pia Pugu, upande huu huu wa kiwanja, kwa hiyo mtu anayetoka Morogoro kuwahi ndege anaweza kushuka Pugu, akaja kupitia Gongo la Mboto bila kugusa mjini. Hakikisha tu treni uliyokata inasimama hapo.

Foleni: daraja la Mfugale limesaidia sana TAZARA tangu 2018, ila kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku upande wa kutoka mjini bado ni mzito. Mwenye ndege ya saa mbili usiku anayetokea Mikocheni asiondoke saa kumi na mbili.

Sasa niseme jambo ambalo limewakosesha watu wengi ndege kuliko foleni: saa. Tiketi inaandikwa kwa mtindo wa saa 24, kuanzia usiku wa manane, na sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Iliyoandikwa 07:00 ni saa moja asubuhi, siyo saa saba mchana. Saa saba mchana inaandikwa 13:00. 05:50 ni saa kumi na moja na dakika hamsini alfajiri. 19:45 ni saa mbili kasoro robo usiku. Hatari zaidi ni ya 00:30: hiyo ni saa sita na nusu ya usiku unaoingia tarehe hiyo. Tiketi ya tarehe 15 saa 00:30 maana yake uwe kiwanjani tarehe 14 usiku. Ukimkatia mzazi tiketi, usimtumie picha ya tiketi peke yake. Mwandikie kwa maneno: "Mama, ndege ni Jumanne saa moja asubuhi, uwe kiwanjani saa kumi na moja alfajiri." Mkiwa mbali naye, mpigie arudie mwenyewe kwa sauti.

La pili ni majina. Arusha kuna viwanja viwili. KIA, yaani kiwanja cha Kilimanjaro (JRO kwenye tiketi), kiko wilaya ya Hai, katikati ya Moshi na Arusha, kama kilomita 50 kutoka Arusha mjini. Kile cha Arusha chenyewe (ARK) kiko Kisongo, upande wa pili wa jiji, barabara ya kwenda Makuyuni. Mtu wa Moshi akikata tiketi ya ARK kwa sababu ni nafuu, atalipa tofauti hiyo barabarani. Na KIA haiko juu ya barabara kuu. Kutoka njiapanda ya lami ya Arusha-Moshi hadi jengo la abiria bado kuna kilomita kadhaa za kuingia ndani, tena pakavu, hakuna nyumba wala duka. Anayekuja kwa Coaster anashushwa njiapanda, anamalizia kwa bodaboda. Mchana sawa. Usiku na mabegi, panga gari mapema.

Kusini magharibi napo: kiwanja cha Mbeya kinaitwa Songwe na alama yake ni MBI. Ukiona SGX usidhani ndiyo Songwe, hiyo ni Songea. Kati yao ni safari ya kutwa kwa basi.

Mizigo kwa kifupi. Mashirika makubwa mengi yanaruhusu kilo 23 za begi la chini na 7 za mkononi, ila tiketi za bei ya chini kabisa zina masharti yake, soma. Ndege ndogo za Caravan ni kilo 15 na begi laini, kwa sababu sehemu ya mizigo ni ndogo na begi gumu la magurudumu haliingii. Pawabenki inakaa mkononi, kamwe usiiweke kwenye begi la chini. Mwisho ni Wh 100, yaani kama mAh 27,000. Kisu cha jikoni, mkasi mkubwa na panga ulilonunua sokoni viende kwenye begi la chini.

Kwenye ndege aina ya ATR mlango wa abiria uko nyuma, mbele ni mizigo. Kwa hiyo siti namba 1 ndiyo ya mwisho kushuka. Mwenye miguu inayouma au mtoto mdogo aombe siti za nyuma. Kwenye Q400 mnapanda kwa mbele, hesabu inageuka. Wa kaunta anaweza kukubadilishia bila malipo kama ndege haijajaa, uliza tu.

Mwisho kwa upande wangu: ndege za mikoani mara nyingi zinaunganisha viwanja viwili. Ndege ya Kigoma inaweza kutua Tabora kwanza, ya Bukoba ikapitia Mwanza. Ndege ikisimama, usinyanyuke kwa kufuata mkumbo. Sikiliza tangazo, na ukiwa na shaka muulize mhudumu wa ndege.

Karibuni mjaze.

Mtoto wa Kirumba

Mkuu, uzi wa maana. Naleta Mwanza.

Kiwanja (MWZ) kiko Ilemela, kama kilomita 10 kutoka katikati ya jiji. Barabara ni moja, inapita Pasiansi, halafu Kirumba karibu na uwanja wa mpira, unaingia mjini. Daladala zipo mchana kutwa, na kwa mtu asiye na mzigo ndiyo njia ya haraka na ya bei ya chini. Usiku zinapungua sana.

Kitu ambacho wageni hawajui: stendi za mabasi ziko upande wa pili wa jiji. Anayekwenda Shinyanga au Geita anapandia Nyegezi, anayekwenda Musoma anapandia Nyamhongolo. Ukitua, hesabu kwamba unalikata jiji zima kabla ya kuliona basi. Kwa wa Sengerema na Geita mambo yamekuwa mepesi tangu Juni 2025 daraja la Kigongo-Busisi lilipofunguliwa, kilomita 3 juu ya maji. Zamani mtu alitua saa nne asubuhi, akasubiri kivuko hadi mchana. Sasa anapita bila kusimama.

Na samaki, maana najua kila anayekuja Mwanza anarudi nao. Wagandishe usiku mzima, siyo saa mbili. Funga nailoni tabaka mbili, weka kwenye boksi gumu, zungusha selotepu mpaka kona zote zifunikwe, andika jina na namba ya simu juu na ubavuni. Boksi likianza kutoa maji kwenye mizani wanalikataa, na wana haki, kwa sababu maji ya samaki yanaingia kwenye mabegi ya wenzako. Ukiwa na mzigo mkubwa wa biashara, ulizia kwanza habari za vibali vya uvuvi ukiwa mjini, usisubiri ufike kwenye kaunta.

Kigoma Mwisho wa Reli

Naongezea hapo kwa Mtoto wa Kirumba: dagaa wakavu hawana shida, funga tu harufu isitoke. Mawese ndiyo tatizo. Dumu la lita tano lenye kifuniko cha kawaida linavuja likiwa juu, hata kama ulikaza. Mnaotuma mawese kwa ndugu Dar, tumieni basi au treni. Begi jeupe la mtu likipata mawese ndiyo basi tena.

Forodhani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyongeza ya Unguja na Pemba.

Kiwanja cha Abeid Amani Karume (ZNZ) kipo Kisauni, kwa Mji Mkongwe hazifiki hata kilomita 10. Jengo jipya, Terminal 3, ni la safari za nje. Sisi wa safari za ndani tunatumia majengo ya zamani, kwa hiyo msishangae mkishuka pahala palipo tofauti na picha mlizoziona. Gari ya abiria namba 505 inakwenda Darajani. Ukifika Darajani umefika kila pahala, gari za Nungwi, Makunduchi na Jambiani zote unazipata mjini.

Mnaotoka Bara, chukueni kitambulisho halisi, siyo picha kwenye simu. Na mzigo hukaguliwa na forodha hata kama mmetoka Dar tu. Nguo zako na zawadi kidogo hakuna wa kukusumbua, ila ukiwa na simu mpya tatu nne au robota la vitenge, kuwa na risiti. Ile bima ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024 ni kwa wageni wa kutoka nje, Mtanzania haimhusu. Asikutoze mtu.

La haki nitalisema ingawa uzi ni wa ndege: kwa mtu anayekaa Posta au Kariakoo, boti ya kasi inatoka mjini na kufunga Malindi, mjini, kwa muda wa kama saa mbili. Ndege ni dakika 20 angani, lakini ongeza foleni ya kwenda Kipawa na kusubiri kule. Ndege inamfaa zaidi aliyekuwa tayari kiwanjani kutoka mkoani.

Pemba (PMA) kiwanja kipo upande wa Chake Chake. Wa Wete na Mkoani wanaunganisha gari Chake mjini. Ndege ni ndogo, zingatieni uzito kama alivyosema mleta uzi.

Uyole Moja

Songwe niiseme mimi. Kwanza, kiwanja cha Songwe kiko mkoa wa Mbeya. Kimepewa jina la bonde la Songwe na kilianza kutumika mwishoni mwa 2012, kabla mkoa wa Songwe haujazaliwa. Wa Vwawa na Tunduma wanakitumia pia, ila msije mkamwambia ndugu akapokelee Vwawa.

Kiko zaidi ya kilomita 20 kutoka Mbeya mjini, upande wa kuelekea Tunduma. Unapita Mbalizi na Iwambi, na barabara ni ile ile ya malori ya Zambia na Congo. Lori moja likiharibika mlimani, kila mtu anasimama. Kwa hiyo anayewahi ndege kutoka Uyole, Tukuyu au Kyela asipige hesabu ya kilomita, apige hesabu ya malori. Mimi mgeni wangu wa Kyela namwambia alale Mbeya mjini kama ndege ni ya asubuhi.

Na ukungu. Asubuhi za baridi, hasa Juni na Julai, ndege inaweza kuchelewa kuondoka Dar kwa sababu huku hakuonekani. Usipange kikao cha saa tatu asubuhi Mbeya kwa ndege ya siku hiyo hiyo. Na sweta iwe begi la mkononi, unaihitaji ukishuka ngazi tu.

Bi Mkubwa wa Sinza

Wanangu, nawashukuru. Swali langu: namleta dada yangu kutoka Bukoba, ana miaka zaidi ya sabini, anakuja kliniki ya moyo Muhimbili. Anatembea kidogo kidogo, ngazi hawezi. Kiti cha magurudumu kinaombwa wapi, na kinalipiwa?

Kipawa Njiapanda

Shikamoo mama, pole kwa uuguzi.

Kiti kinaombwa kwa shirika la ndege wakati wa kukata tiketi, na usichelewe zaidi ya saa 48 kabla ya safari. Kwa kawaida hakilipiwi. Waambie wazi maneno haya: hawezi kupanda ngazi. Ukisema tu "ni mzee", watamleta na kiti hadi chini ya ndege, halafu pale kwenye ngazi ndipo mnaanza kuhangaika. Wakijua mapema wanaandaa watu wa kumbeba. Bukoba ni kiwanja kidogo, kwa hiyo siku mbili kabla mpigie simu wakala wa pale pale, siyo ofisi ya Dar peke yake.

Aombe barua ya daktari anayemtibu inayosema anaweza kusafiri kwa ndege. Wakati mwingine inaulizwa kwenye kaunta, na isipokuwepo mgonjwa anabaki. Dawa zote ziwe mkononi mwake zikiwa kwenye paketi zake, pamoja na karatasi za vipimo. Kama anatumia oksijeni, shirika lijulishwe mapema kabisa, kwa sababu mtungi wa nyumbani hauingii ndani ya ndege.

Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko ndani ya eneo la Muhimbili, Upanga. Nasema hivi kwa sababu wapo madereva wanaochanganya na Ocean Road, ambayo ni ya saratani na iko baharini. Na kliniki iwe siku ya pili yake. Akitua, apumzike kwanza.

Dereva wa Getini

Mimi ni dereva wa teksi kiwanjani, mkoa siutaji. Nimesoma uzi wote, niseme upande wetu.

Bei zetu zinaonekana kubwa kuliko za mtandao, ni kweli. Tunalipia nafasi ya kuegesha, na ndege ikichelewa tunaisubiri. Jana usiku gari za mtandao zilikuwa hazionekani kwenye simu ya mtu yeyote, mvua inanyesha, na sisi tulikuwepo. Lakini kibao cha nauli alichosema mleta uzi mimi nakitaka hata leo. Sasa hivi mwenzangu mmoja akimtoza mgeni mara mbili, tunachukiwa wote. Kibao kikiwekwa pale juu ya mkanda wa mizigo, kikaandikwa mjini kiasi fulani, stendi kiasi fulani, hospitali ya rufaa kiasi fulani, hakuna wa kubishana mlangoni. Abiria anakuja na jibu lake tayari, mimi napakia begi naondoka.

Ombi langu kwa abiria: mkubaliane bei kabla begi halijaingia kwenye buti, na uliza kama ni ya gari zima au ya kila mtu. Na chajini simu kabla ya kupanda ndege. Kila siku nampata mtu ambaye aliyetakiwa kumpokea hapatikani kwa sababu namba iko kwenye simu iliyozima. Andika namba kwenye karatasi.

Kipawa Njiapanda

Kaka, asante sana kwa kuja kusema hili. Hapo kwa stendi na hospitali ya rufaa umenipa kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Mimi nilikuwa naona "mjini" peke yake inatosha.

Nzuguni

Dodoma (DOD). Kiwanja kinachotumika siku zote kiko karibu mno na katikati ya mji, hata bodaboda inakutosha kama huna mzigo. Shida ya Dodoma siyo kutoka kiwanjani, ni kujua unakwenda wapi. Wizara nyingi ziko Mji wa Serikali, Mtumba, nje ya mji upande wa barabara ya Dar, ni mwendo wa kilomita kama 17. Mtu anakuja na barua imeandikwa "Wizara, Dodoma", anashuka mjini, anazunguka asubuhi yote. Piga simu uulize jengo liko Mtumba au mjini. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko upande wa chuo kikuu, UDOM. Mabasi ya mikoani yako Nanenane, jirani na soko la Ndugai.

Kuna kiwanja kipya kinajengwa Msalato, barabara ya kwenda Arusha, nje ya mji. Kabla ya safari thibitisha ndege yako inatumia kipi, maana kati ya vile viwili si hatua mbili. Usitegemee ulivyosafiri mwaka jana.

Mama Pacha Tabata

Naomba kuuliza, ndege ikiahirishwa unamlalamikia nani? Tulikaa kiwanjani kutwa na watoto, kila tukiuliza tunaambiwa "baadaye kidogo". Shirika silitaji.

Kipawa Njiapanda

Pole sana dada. Hatua ya kwanza ni pale pale: omba sababu ya kuchelewa na muda mpya kwa maandishi, hata kwa meseji, na utunze pasi ya kupandia ndege na risiti za chakula ulichonunua. Kwanza peleka malalamiko kwa shirika lenyewe. Lisipokujibu, nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ndiyo inayosimamia mashirika. Pia kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, liko kwa ajili ya abiria hasa, na wengi hatujui kama lipo. Kama tatizo ni la jengo, mfano vyoo, viti, viyoyozi, hilo ni la Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TAA, kwa Bara. Zanzibar wana mamlaka yao.

Mzigo ukipotea au ukipasuka, usitoke kwenye ukumbi wa mizigo. Ripoti hapo hapo, jaza fomu, ondoka na nakala yenye namba. Ukishatoka nje ya mlango, kazi ya kuthibitisha inakuwa yako.

Mwanafunzi wa Nduli

Mtoto wa miezi minane analipiwa siti? Na NIDA yangu bado ni namba tu, kadi sijapata.

Kipawa Njiapanda

Mtoto chini ya miaka miwili anapakatwa, analipiwa sehemu ndogo ya nauli na hapati siti yake. Beba cheti cha kuzaliwa, wanakiangalia ili kujua umri. Kwa wewe, namba peke yake ni kujitafutia usumbufu. Beba kitambulisho chenye picha ulichonacho: kadi ya mpiga kura, leseni au pasipoti. Jina lifanane na la tiketi herufi kwa herufi. Kama kwenye kadi una majina matatu na tiketi ina mawili, siyo shida, ila yasiwe majina tofauti.

Wakuu, kutokana na michango yenu naandika barua kwa mamlaka zote mbili za viwanja, Bara na Zanzibar. Ombi ni dogo: kila ukumbi wa kupokelea mizigo uwe na kibao kimoja kwa Kiswahili, herufi kubwa, kikionyesha umbali wa kwenda mjini, nauli elekezi za teksi kwenda mjini, stendi kuu na hospitali ya rufaa, mahali daladala inaposimama na saa inayokoma, na namba ya simu ya malalamiko. AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda, vibao vya wageni vitawekwa bila shaka. Naomba vya wenyeji viwekwe siku hiyo hiyo. Rasimu nitaibandika hapa kesho jioni muirekebishe kabla sijaipeleka. Bado sina maelezo ya Tabora, Musoma, Mtwara, Mpanda na Songea, wenyeji wake naomba msogee.

Dereva wa Getini

Kwenye rasimu ongeza nauli ya bodaboda, na namba ya simu ya polisi wa kiwanja.

Bi Mkubwa wa Sinza

Na choo kiko wapi.